Watoto Wetu Wakiuliza Juu ya Mawe

Neno lililotolewa kwenye radio, limeandikwa kwa ajili ya wale waliokosa kusikia
Masomo: Yoshua 4:1-7, Nehemia 3:1-12, Nehemia 5:1-16, Matendo ya Mitume 6:1-7

 

Tangu radio yetu ilipoanza kuweka mikro mbele ya watu wa kartie Alhamisi jioni, ili kila mtu aeleze namna alivyoishi na namna jirani zake walivyoishi, barua zimefika. Nyingi ni za shukrani. Lakini ziko nyingine zinazosema hivi: Mchungaji, radio ya kanisa ni ya kuhubiri Injili. Kwa nini mnatuletea mambo ya maji, ya madeni, ya mama aliyekosa mahali pa kulala? Ushuhuda ni kusema Bwana ametenda. Mambo mengine ni manung'uniko, na Israeli walikufa jangwani kwa ajili ya manung'uniko.

Ninawaheshimu walioandika, maana wameandika kwa upendo. Leo nataka tufungue Biblia tuwajibu.

Tuanze na Yoshua sura ya 4. Watu wamevuka Yordani, maji yamesimama, kila mtu anataka kukimbia akaione nchi mpya. Mungu anawasimamisha. Anataka watu kumi na wawili, mmoja wa kila kabila, warudi katikati ya mto, pale miguu ya makuhani iliposimama, wachukue mawe kumi na mawili wayabebe begani mpaka mahali pa kulala. Kwa sababu gani? Kwa sababu siku moja mtoto atauliza juu ya mawe yale, na baba asikose jibu. Angalieni jambo hili: Mungu hakutegemea kwamba watu watakumbuka wenyewe. Alijua mtu akishafika ng'ambo husahau. Tena hakumpa Yoshua peke yake kazi ya kukumbuka. Alitwaa mtu mmoja kutoka kila kabila, ili kabila moja lisiseme mto ni wetu.

Sisi wa Goma, ni mawe gani tunakosa? Tunalala juu ya mawe. Ukuta wa parseli ni mawe ya volkano, msingi wa kanisa ni mawe ya volkano, mtoto akianguka barabarani anachubuka goti kwa mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka ukakata mji katikati, ukapita Birere na Murara, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walivuka kwenda Gisenyi. Na siku chache baadaye, mawe yakiwa bado na moto chini, watu walianza kurudi kwa miguu, wakakanyaga juu yake, wakatafuta mahali nyumba ilipokuwa. Leo mtoto wa miaka kumi anachezea mpira juu ya jiwe lile na hajui ni nini. Umuulize, atakuambia: ni mawe tu.

Nani atamwambia? Kitabu cha shule kitampa tarehe. Hakitamwambia ni nani aliyebeba bibi yake mgongoni.

Sasa nije kwa yale tuliyoyasikia kwenye mikro. Baba mmoja alieleza juu ya Mei 2021. Mnakumbuka, ilikuwa Jumamosi jioni, tarehe 22, mbingu ikawa nyekundu, na hakuna aliyetuonya mapema. Moto ukafika Buhene ukasimama. Ardhi ikaendelea kutikisika, kuta zikapasuka, na Alhamisi asubuhi, tarehe 27, likatoka tangazo la kuondoa watu katika kartie kumi za mji. Barabara ya Sake ikajaa. Kilomita zaidi ya 20 kwa miguu, watoto mgongoni, magodoro juu ya kichwa, na watoto wengi wakapotezana na wazazi njiani.

Baba yule alisema kwenye avenyu yao, mtu aliyeongoza siku ile hakuwa shefu wa avenyu. Shefu alikuwa na gari, akaondoka na jamaa yake kabla ya saa mbili. Hakumlaumu, alisema kila mtu ana watoto. Aliyeongoza alikuwa kijana wa chukudu, kijana ambaye watu walizoea kumfukuza mlangoni kwa sababu ya kelele za magurudumu yake. Kijana yule aliweka wazee wawili juu ya chukudu yake, akawasukuma mpaka Mugunga, akawaacha kwa watu anaowajua, akarudi. Akachukua mama mwenye mimba. Akarudi tena. Mara ya tatu alichukua mlemavu ambaye jirani zake walikuwa wamemfungia mlango ili wezi wasiingie. Mnasikia? Walifunga mlango kwa kufuli wakilinda vyombo, na mtu yuko ndani.

Nilipomsikia nilinyamaza. Mikro ilikuwa wazi, na mwenye kuendesha kipindi pia alinyamaza, mpaka mafundi wakadhani umeme umekatika.

Je, huu ni ushuhuda au ni manung'uniko? Mimi nasema ni Nehemia sura ya 3. Wengi tunairuka sura ile, kwa sababu ni majina tu. Huyu alijenga lango hili, yule alijenga mbele ya nyumba yake. Lakini tuisome polepole. Yumo mfua dhahabu, yumo mtengeneza manukato, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Katika mstari wa 12 yumo Shalumu, aliyejenga pamoja na binti zake. Na katika mstari wa 5 limeandikwa jambo la aibu: watu wa Tekoa walijenga, lakini wakubwa wao walikataa kuinamisha shingo kwa kazi ya Bwana. Roho Mtakatifu aliona vema mabinti wa Shalumu wakumbukwe, na wakubwa wa Tekoa pia. Mpaka leo tunawasoma. Basi kijana wa chukudu akitajwa kwenye radio ya kanisa, tumefanya kitu ambacho Biblia ilitangulia kukifanya.

Watu wakikaa miaka bila kusimuliana, wanapotaka kumchagua kiongozi, awe wa avenyu, awe wa kikundi cha akina mama, awe shemasi, hawana kitu cha kuangalia ila sauti na mavazi. Anayesema kwa nguvu ndiye anachaguliwa. Mwenye suti ndiye anapewa kiti cha mbele. Lakini watu wanaosimuliana wanajua nani alirudi mara tatu.

Sasa tufike Nehemia 5, maana hapa ndipo waandishi wa barua zile wanapopata shida, na ndipo mimi nataka tukae.

Ukuta unajengwa. Kazi ni ya Mungu, adui yuko inje, kila mtu ana upanga mkononi. Ni wakati wa kusema tusilete mambo madogo. Lakini katikati ya kazi ile takatifu kilio kinatokea, kilio cha watu na wake zao. Biblia inawataja wake. Wanasema nini? Wengine wanasema: sisi na watoto wetu tu wengi, tunahitaji nafaka. Wengine: tumeweka rehani mashamba na nyumba ili tule wakati wa njaa. Wengine: tumekopa ili tulipe kodi ya mfalme, na sasa binti zetu wamekuwa watumwa. Na waliowakopesha si Wababeli. Ni ndugu zao, wanaosali nao.

Ndugu na dada, hapa hatuhitaji mtafsiri. Sisi tunaiita Banki Lamberti. Unakopa dola 100 kwa jirani, mwezi ukiisha unarudisha 130, kwingine 150. Usipopata, anachukua simu yako, au karatasi za parseli, au kadi ya mshahara ya mwalimu inakaa mfukoni mwake. Tangu vita ilipoingia mjini Januari 2025 na benki zikafunga milango, pesa ya mkononi ikawa adimu, na mwenye dola akawa mfalme mdogo katika avenyu yake. Mama mmoja alikuja kwenye mikro akasema alikopa ili azike mume wake. Deni limekuwa kubwa kuliko jeneza, kuliko kaburi, kuliko kilio chote. Halafu akasema neno moja lililofanya watu wengi wapige simu kwa hasira: aliyemkopesha anaimba kwenye kwaya. Hakutaja jina, wala kanisa. Alisema kwaya tu. Na bado simu zikalia, maana kwaya nyingi zilijitambua.

Wengine wakasema yule mama ameaibisha mwili wa Kristo. Mimi nauliza, nani aliyeuaibisha?

Angalieni Nehemia alivyofanya. Mstari wa 6: alikasirika sana aliposikia. Kwanza alisikia. Hakusema, ninyi mnazuia kazi ya Mungu. Hakusema, nendeni mfunge siku tatu. Mstari wa 7: alishauriana na moyo wake. Hasira aliipata, lakini hakuijibia palepale. Kisha aliwagombeza wakubwa, akaita mkutano mkubwa, mbele ya wote, na wale wakubwa wakanyamaza, wakakosa la kusema. Na mstari wa 10 ndio unaonigusa: anakiri kwamba yeye na ndugu zake na watumishi wake nao wanakopesha watu fedha na nafaka, na anasema tuache riba hii. Kiongozi anaanza na nyumba yake mwenyewe. Halafu anadai: rudisheni leo, mashamba, mizabibu, nyumba, na ile sehemu ya mia mliyotoza. Akawaita makuhani, akawaapisha.

Wapendwa, kama watu wale na wake zao wangenyamaza kwa sababu kazi ya ukuta ni takatifu, mashamba yasingerudi. Ukuta ungekwisha, na ndani ya ukuta wangebaki watumwa. Wazee wetu walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Na mwenye kumfanya mwingine afiche maradhi, huyo naye atakuta kilio mlangoni.

Someni pia mpaka mstari wa 14. Nehemia alikuwa liwali miaka 12 na hakula chakula cha liwali. Waliomtangulia walichukua kwa watu mkate na divai na shekeli 40 za fedha, na hata watumishi wao wakawatawala watu kwa nguvu. Hapo nasema na wenzangu wachungaji, kwa heshima. Watumishi wetu, walinzi wa mlango, wenye kupanga miadi ya ofisini, wanafanya nini tukiwa hatuoni? Mjane anakaa saa ngapi inje kabla ya kuonana na mchungaji? Tusisubiri radio ituambie.

Kuhusu manung'uniko, barua ile ilikuwa na haki kwa upande mmoja: kuna manung'uniko ya jangwani, na Mungu aliyachukia. Lakini funguo Matendo ya Mitume 6. Neno ni lilelile, manung'uniko. Wayahudi wa Kiyunani wananung'unika kwa sababu wajane wao wanasahauliwa katika chakula cha kila siku. Kanisa lina moto wa Pentekoste bado, watu wananena kwa lugha, wagonjwa wanapona, na wajane wa lugha fulani hawapati chakula. Mitume walifanya nini? Waliita kundi lote, wakasikiliza, wakasema chagueni watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Na majina saba yaliyochaguliwa, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, ni majina ya Kiyunani. Kanisa liliweka meza mikononi mwa wale waliolalamika! Uongozi wa mashemasi, ambao tunajivunia mpaka leo, ulizaliwa na malalamiko ya wajane. Mstari wa 7 unasema baada ya hapo neno la Mungu likaenea. Waliokuwa wanaogopa kwamba kusikiliza shida kutapunguza Injili, wausome mstari ule tena.

Iko hatari nyingine ambayo haikuandikwa kwenye barua, na mimi naiogopa zaidi. Sisi tunaishi hatua chache tu na mpaka. Tunajua radio iliweza kufanya nini Rwanda mwaka 1994, RTLM ikiita majirani majina ya wadudu mpaka watu wakachukua mapanga. Sisi wenyewe wa Kivu tumezikana kwa ajili ya makabila. Hadithi ya mateso inaweza kuponya, na inaweza pia kuwa kiberiti. Kwa hiyo kwenye mikro yetu kuna jambo tunalisimamia, na wengine wamelikasirikia: sema ulichokiona, sema kilichokupata, sema nani alikusaidia. Ukianza kusema watu wa kabila fulani wote wako hivi, mwenye kuendesha kipindi atakukatiza, hata ukiwa mzee wa kanisa. Wakati wa kuvuka Yordani kila kabila lilibeba jiwe lake, na mawe yote yalilala pamoja Gilgali. Hakuna kabila lililobeba jiwe ili limpige mwenzake.

Na kwa akina mama na mabinti waliotendewa mambo ya ukatili vitani: hakuna mtu wa kuwalazimisha kusema, awe mchungaji, awe wa radio. Hadithi yako ni yako. Ukitaka kuisema chumbani kwa mama mmoja tu anayeaminika, hiyo inatosha mbele za Mungu. Nimeona mahali watu wanamsimamisha binti mbele ya kusanyiko ili alie na watu walie, kisha wanachukua sadaka. Hiyo si huduma.

Neno kwa sisi tunaosikiliza. Tumezoea kumkatiza mtu kwa Haleluya. Mama anaanza kusema, nilikuwa kambi ya Bulengo, mtoto akashikwa na kipindupindu, na kabla hajafika mwisho sisi tumeshapaza sauti, Amina, Mungu ni mwema, tuombe! Tunamuombea hadithi yake ikiwa katikati. Kweli, Mungu ni mwema, lakini pengine mtoto alikufa, na mama alitaka mtu mmoja asikie jina la mtoto yule. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba, wakikaa naye chini bila kusema neno. Shida ilianza walipofungua kinywa. Basi tukae. Tuulize, jina lake lilikuwa nani? Alikuwa na miaka mingapi? Nani alikuletea maji siku ile? Hapo ndipo utasikia juu ya jirani aliyetoa bidoni lake la mwisho, na utamjua mtu wa kuchagua.

Na kwa wale wa Banki Lamberti walio katika makanisa yetu, mimi sina upanga. Nina Nehemia 5:11 tu, na neno lake ni leo. Kuna ndugu mmoja, baada ya kipindi kile, alimpelekea mjane simu yake na karatasi zake, akamwambia nipe ile niliyotoa tu, kidogo kidogo, hata mwaka. Hakutaka tutangaze, kwa hiyo sisemi zaidi. Vikundi vya AVEC vya akina mama wetu vinaonyesha kwamba watu maskini wanaweza kukopeshana bila kunyongana. Wiki hii mashemasi wa kila kanisa wakae na akina mama wa AVEC waulize kitu kimoja: mtu akifiwa leo, anapata wapi pesa ya kuzika bila riba? Jibu liletwe kwenye kikao cha wachungaji, liandikwe.

Alhamisi hii hatutakuwa studio. Tutakaa uwanjani nyuma ya kanisa baada ya maombi ya jioni, saa kumi na moja, na tunawatafuta hasa wazee wanaokumbuka Januari 1977, wakati ziwa la moto la Nyiragongo lilipopasuka likashuka kwa kasi juu ya vijiji. Wamebaki wachache. Mtu aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa anakaribia sitini, na waliokuwa watu wazima tunawazika kila mwezi. Mwenye mzee nyumbani amlete, na amletee kiti chenye mgongo, mabenchi yetu yanaumiza. Asiyeweza kutembea, mtume mtoto aseme kwa mlinzi wa kanisa, avenyu na namba ya parseli. Vijana wa chukudu wamekubali kumchukua na kumrudisha kabla ya giza. Watoto wakae mbele, na waachwe waulize.